Muulize Fundi wa Mitetemo: Digitaiza Irekodi Nini, Ichuje Nini

Barua za safari hii karibu zote zimegusa mahali pamoja: ule ukurasa wa mipangilio ya digitaiza (kifaa kinachogeuza umeme wa sensa ya mitetemo ya ardhi kuwa namba) unaokudai uchague kasi ya sampuli na vichujio. Nimefurahi. Ni ukurasa ambao wengi wetu huujaza tukiwa hoi baada ya kuchimba shimo na kusawazisha sensa, kisha hatuurudii tena. Barua ndefu nimezifupisha, lakini maswali yako kama yalivyoulizwa.

Shikamoo fundi. Tumepokea digitaiza mpya ya biti 24, chaneli tatu. Sensa yetu ni ya ukanda mpana, kutoka sekunde 120 hadi hezi 50. Orodha ya kasi ina 20, 40, 50, 100, 200, 500 na 1000. Mkuu wangu anataka 1000 ili tusipoteze kitu. Data inatoka kwa modemu ya simu na umeme ni wa sola. Tuchague ipi? — Fundi mpya wa kituo

Marahaba. Mkuu wako ana nia njema kabisa, maana hofu ya kupoteza data ndiyo inayomfanya mtu awe fundi mzuri. Ila kwa sensa hiyo 1000 haitakuongezea tetemeko hata moja.

Anza na sensa yenyewe. Inaishia hezi 50, na juu ya hapo mwitikio wake unashuka. Kanuni tuliyorithi kutoka kwa Harry Nyquist na Claude Shannon inasema kwamba ili wimbi lihifadhiwe sawasawa, kasi ya sampuli lazima izidi mara mbili ya masafa yake. Nusu ya kasi tunaiita kikomo cha Nyquist. Ukirekodi sampuli 100 kwa sekunde, kikomo ni hezi 50. Lakini hizo 50 hupewi zote. Kabla data haijafika kwenye diski, digitaiza huipitisha kwenye kichujio cha kuzuia mawimbi bandia, yaani masafa ya juu yanayojificha kama ya chini, na hakuna kichujio kinachoweza kukata wima. Lazima kipate nafasi ya kushukia. Digitaiza nyingi hukuachia takribani asilimia 80 ya kikomo. Kwa hiyo 100 inakupa hezi 40 zilizo salama, na 200 inakupa 80.

Halafu itazame ardhi. Miamba hula masafa ya juu kadiri wimbi linavyosafiri. Tetemeko dogo lililotokea kilomita kumi kutoka kituoni linaweza kukuletea nguvu hadi hezi 30 au 40. La kilomita mia mbili mara nyingi limebakiwa na kidogo sana juu ya hezi 20. La upande wa pili wa dunia, wimbi lake la P, lile linalotangulia kufika, linakufikia likiwa karibu na hezi 1, na mawimbi yake ya uso wa ardhi yanapita polepole, wimbi moja kwa sekunde 20 hivi. Vyote hivyo vinaenea ndani ya sampuli 100 bila kubanana.

Sasa piga hesabu ya mzigo. Sampuli 100, chaneli tatu, baiti nne kila sampuli: baiti 1,200 kwa sekunde. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo ni karibu megabaiti 104 kwa siku kabla ya kubanwa. Kwa 1000 unavuka gigabaiti moja kila siku. Ubanaji wa Steim unaotumika kwenye miniSEED, muundo wa faili za data ya mitetemo, utapunguza mzigo huo, lakini tofauti kati ya kasi hizo mbili itabaki kubwa, na modemu inayokesha ikituma ndiyo inayoimaliza betri siku za mawingu. Juu ya hayo, kelele ya ndani ya digitaiza nayo huongezeka unapofungua ukanda mpana zaidi: kila ukiongeza kasi mara mbili, tegemea desibeli 3 hivi za kelele zaidi kwa jumla.

Ningekuwa mimi ningeweka 100 kuwa mkondo mkuu, na pembeni yake mkondo wa sampuli 1 kwa sekunde kutoka sensa ileile. Huo wa pili ni mdogo mno, haulemei modemu, na siku tetemeko kubwa la mbali likitokea ndio utakaoufungua kwanza. Majina ya chaneli yafuate kasi: kwa utaratibu wa SEED, sensa ya ukanda mpana kwa sampuli 80 hadi chini ya 250 ni HH, kwa hiyo HHZ, HHN, HHE, ya sampuli 1 ni LH. Ukishuka hadi 40 majina yawe BH. Usiache BH kwenye mkondo wa 100 kwa sababu tu kiwandani ilikuja hivyo. Kuna mtu mahali atakayeamini jina bila kufungua faili.

Mkuu akisisitiza, msibishane. Rekodi kwa 200 wiki moja, chora spektra, yaani mchoro wa nguvu kwa kila masafa, mwangalie pamoja kilichopo juu ya hezi 40. Kama mko juu ya mwamba mgumu na matetemeko madogomadogo yanatokea kilomita chache tu kutoka kituoni, huenda mkakuta kitu cha maana, na hapo 200 itakuwa na sababu. Kama ni upepo na pampu, mmeshapata jibu. Kasi za 500 na 1000 waachie wanaopima milipuko ya machimbo au nyufa ndogo migodini, tena kwa geofoni na akselerometa, sensa za masafa ya juu zinazofika huko.

Fundi, kituo chetu hakiko mbali na bahari na kila siku skrini inajaa mawimbi makubwa ya polepole, hata matetemeko madogo hayaonekani. Niliingia kwenye digitaiza nikaweka kichujio cha ukanda, hezi 1 hadi 10, ncha nne kila upande (ncha zikiongezeka, kichujio hukata kwa ukali zaidi). Sasa seismogramu ni safi na matetemeko ya jirani yanaonekana vizuri. Mwenzangu amekasirika, anasema nimeharibu data. Nimeharibu nini hasa? — Mwanafunzi wa jiofizikia

Mwenzako yuko sahihi, na nitakuonyesha kwa hesabu, kwa sababu hili ndilo jambo ninalolijali kuliko yote kwenye ukurasa huu. Kichujio cha ukanda ni chombo kizuri sana, lakini mahali pake ni kwenye skrini na kwenye kifyatuo, yaani programu inayoamua lini faili la tetemeko lifunguliwe. Kwenye data inayohifadhiwa kiwepo kimoja tu, kile cha kuzuia mawimbi bandia, ambacho digitaiza inakiweka yenyewe.

Chukua digitaiza ya biti 24 yenye upana wa volti 40 kutoka kilele hasi hadi kilele chanya. Biti 24 ni hatua 16,777,216, kwa hiyo hatua moja ni mikrovolti 2.4 hivi. Sensa ya ukanda mpana ya kawaida hutoa volti 1,500 kwa kila mita moja kwa sekunde ya mwendo wa ardhi. Likija tetemeko la mbali, mawimbi yake ya uso wa ardhi yanaweza kuitikisa ardhi yako kwa mikromita 10 kwa sekunde. Hiyo ni milivolti 15, karibu hatua 6,300. Mchoro mnene, mzuri, unaosomeka.

Sasa upitishe kwenye kichujio chako. Wimbi la sekunde 20 lina masafa ya hezi 0.05, na mpaka wako wa chini ni hezi 1. Kwa kichujio cha Butterworth cha ncha nne, wimbi hilo linapunguzwa mara 160,000. Zile hatua 6,300 zinabaki 0.04 ya hatua moja. Digitaiza inaandika namba nzima, na namba nzima iliyo karibu na hiyo ni sifuri. Hakuna programu itakayolirudisha wimbi hilo, kwa sababu halikuandikwa.

Ulichokosa ni hiki. Ukubwa wa tetemeko kwa mawimbi ya uso, ule wa Ms, husomwa kwenye mawimbi ya sekunde 20 hivi, kwa hiyo kituo chako hakichangii tena. Wanaotafuta namna ufa ulivyoteleza kwa matetemeko ya kati hulinganisha mawimbi ya sekunde 20 hadi 50, nao wamekupoteza. Hata ukubwa wa ML wa matetemeko ya jirani umeguswa: unapimwa kwa kuiga chombo cha Wood-Anderson chenye kipindi cha sekunde 0.8, yaani hezi 1.25, na mpaka wako wa hezi 1 unakaa karibu nayo mno. Tetemeko la wastani ambalo nguvu yake kubwa iko hapo litasomeka dogo kuliko lilivyo. Upande wa juu nao, ukikata kwenye hezi 10, matetemeko madogo kabisa yanapoteza sehemu kubwa ya nguvu zao na mwanzo wa wimbi la P unakuwa butu.

Halafu kuna hiyo kelele yenyewe. Mawimbi ya bahari hutikisa ardhi kwa nguvu zaidi katika vipindi vya sekunde 5 hadi 8 hivi, na kuna nundu nyingine ndogo karibu na sekunde 15. Leo watafiti hulinganisha kelele hiyo kati ya vituo viwili kwa miezi mingi na kupata kasi ya mawimbi kwenye miamba iliyo chini, bila kungoja tetemeko. Ulichokifuta kama uchafu, mwingine angekitumia kuchora ganda la dunia chini ya miguu yako. Na baada ya tetemeko la Sumatra la tarehe 26 Desemba 2004, dunia nzima ilitikisika kama kengele kwa muda mrefu, mtikisiko wake mrefu kuliko yote ukichukua dakika 54 kwa mzunguko mmoja. Vituo vilivyorekodi bila kukata chini viliupata.

La kufanya sasa: zima kichujio kwenye mkondo mkuu leo hii. Kiweke kwenye programu ya kuonyesha, hezi 1 hadi 10 kama ulivyopenda, na utaona matetemeko ya jirani vilevile. Kama digitaiza yako inatoa mikondo kadhaa, unaweza kuacha mmoja uliochujwa kwa ajili ya kutazama ukiwa uwanjani, mradi uwe na msimbo wake wa mahali ili usichanganywe na mkondo mkuu.

Data ya zamani usiifute. Ndani ya hezi 1 hadi 10 ni nzima. Kwenye hezi 0.5 imepungua mara 16 tu, bado inaokoleka. Andika kichujio hicho kwenye faili la StationXML, linaloeleza mwitikio wa kituo, ncha na sifuri zake zote (namba zinazoeleza kinavyokata), pamoja na saa kilipowashwa na saa kilipozimwa. Na kuanzia sasa, njia nzuri ya kukagua kituo chochote cha ukanda mpana ni kuchora spektra ya saa chache za utulivu na kutafuta ile nundu ya sekunde 5 hadi 8. Ipo kila mahali duniani, hata katikati ya bara. Linganisha na mistari miwili ya Peterson ya mwaka 1993, ule wa kelele ndogo na ule wa kelele kubwa. Nundu ikikosekana, ama sensa ni mgonjwa, ama kuna mtu ameweka kichujio.

Programu yetu ya kusoma wimbi la P inawahi. Nikikuza picha naona viwimbi vidogo vinavyotangulia wimbi lenyewe kwa sehemu ndogo ya sekunde. Inaweza kuwa tetemeko linaanza taratibu kabla ya kupasuka? Kasi yetu ni 100. — Mchambuzi wa zamu ya usiku

Pima umbali kati ya vilele vya hivyo viwimbi. Ukikuta kilele kila baada ya sampuli mbili au mbili na nusu, hiyo ni hezi 40 hadi 50, palepale kichujio cha digitaiza kinapokata. Tetemeko halina sababu ya kuchagua masafa hayo kila mara. Unachokiona ni mlio wa kichujio.

Chanzo chake ni hiki. Digitaiza nyingi zikitoka kiwandani hutumia kichujio cha FIR (kinachokokotoa wastani wenye uzito wa sampuli za jirani) kilicho linganifu, kinachoitwa cha fezi ya mstari. Sifa yake ni kwamba hakibadilishi umbo la wimbi, na ucheleweshaji wake ni ule ule kwa masafa yote, kwa hiyo digitaiza huuondoa kwenye saa ya data na kila kitu kinakaa mahali pake. Gharama yake ni kwamba wimbi linaloanza kwa ghafla hupata mlio pande zote mbili, baada yake na kabla yake. Ule wa baada hakuna anayeuona, umezama ndani ya tetemeko. Wa kabla unakaa peke yake kwenye utulivu, na programu inauchukua kuwa ndio mwanzo.

Unaweza kuuona ukitokea. Mtume mwenzako na nyundo nzito, apige bamba la chuma lililolala ardhini mita chache kutoka kwenye sensa, kisha kuza picha ya pigo moja. Pigo la karibu lina nguvu nyingi juu ya hezi 40 na kichujio lazima kilikate, kwa hiyo mlio utajitokeza wazi: viwimbi vyembamba vinavyokua kidogo kidogo, halafu pigo. Weka 200 mrudie. Mlio utahamia hezi 80 hadi 100 na muda wake utakuwa nusu. Jambo la ardhini lisingehama.

Kwa tiba, angalia kama mipangilio ina chaguo la fezi ndogo kabisa. Kichujio cha aina hiyo hakitoi kitu kabla ya wimbi kufika. Kinapindisha umbo kidogo na ucheleweshaji wake unatofautiana kwa masafa, lakini vyote vimo kwenye faili la mwitikio na vinarekebishika. Napenda kuwa na mikondo miwili ya 100: wa mstari kwa ajili ya umbo la wimbi, wa fezi ndogo kabisa kwa ajili ya kusoma saa. Kama digitaiza yako haina chaguo hilo, mwambie msomaji wa P apitishe data kwanza kwenye kichujio kinachokwenda mbele tu, mpaka wa juu hezi 20. Mlio mwingi utakwisha kwa sababu unaishi juu ya hapo.

Na kagua hicho kichujio cha skrini unachotumia zamu nzima. Programu nyingi hukuruhusu kuchuja kwenda mbele kisha kurudi nyuma ili saa isisogee. Inapendeza machoni, lakini inavuta nguvu ya wimbi kuirudisha kabla ya mwanzo wake, na kwa mpaka wa hezi 1 inaweza kuvuta kwa sehemu kubwa ya sekunde, mbaya kuliko mlio uliouona. Pia inakata mara mbili: pale mpakani ambapo ulitarajia kubaki na asilimia 71 ya wimbi, unabaki na 50. Kwa kusoma saa za P, mbele tu.

Kituo chetu kinarekodi kwa kufyatuka tu. Kila jenereta ya pampu inapowashwa tunapata faili la uongo, na wiki iliyopita tetemeko la kweli lilikuja faili likiwa limeanzia kwenye wimbi la S, lile linalofuata P. — Mlinzi wa kituo

Pole sana kwa hilo tetemeko. Hapa ndipo kichujio cha ukanda kinapofanya kazi yake halali, kwa sababu kifyatuo kina nakala yake ya data na mkondo unaohifadhiwa hauguswi.

Kifyatuo cha kawaida hulinganisha wastani wa muda mfupi na wastani wa muda mrefu. Jenereta ikiwashwa, wastani mfupi unaruka mara moja na ule mrefu bado haujajua, uwiano unapanda, faili linafunguka. Baada ya dakika moja hivi wastani mrefu umeshaizoea na uwiano unarudi chini. Ndiyo maana unapata faili wakati wa kuwasha tu. Muulize mwendeshaji injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Ya mizunguko 1,500 inapiga mara 25 kwa sekunde, na utaona mstari kwenye hezi 25. Ya 1,800 iko kwenye hezi 30. Ukiweka ukanda wa kifyatuo hezi 2 hadi 15, ncha nne, ule mstari wa hezi 25 unapungua karibu mara nane, na wimbi la P la tetemeko la jirani linapita. Mpaka wa chini wa hezi 2 unazuia bahari isikusumbue siku za dhoruba.

Wastani mfupi uwe wa sekunde 1 au nusu yake, mrefu sekunde 60, uwiano anza na 4. Usizipachike namba hizi na kuondoka. Chukua data ya mfululizo ya siku chache yenye matetemeko unayoyajua na jenereta ikiwemo, endesha kifyatuo juu yake kwenye kompyuta, hesabu kilichokosa na kilichodanganya, ndipo urekebishe. Ukiweza, jenereta yenyewe nayo isogezwe mbali, au iwekewe mpira chini, kwa sababu kichujio hakiwezi kukusaidia na nguvu inayoingia ndani ya ukanda wako.

Kuhusu wimbi la S: tatizo ni kumbukumbu ya kabla ya tukio. Kwa matetemeko ya jirani, kila sekunde kati ya P na S ni kama kilomita 8. Tetemeko la kilomita 100 lina sekunde 12 hivi, na kama kifyatuo kiliamshwa na S wakati kumbukumbu yako ya nyuma ni sekunde 5, P imekwenda. Weka sekunde 60. Lakini ushauri wangu wa dhati ni kuachana na kurekodi kwa kufyatuka. Kwa ile hesabu ya barua ya kwanza, kadi ya gigabaiti 32 inabeba zaidi ya siku 300 za chaneli tatu kwa sampuli 100, hata bila kubanwa. Rekodi mfululizo, na kifyatuo kikuandikie orodha ya saa za kutazama.

Nimejitengenezea kipimo mwenyewe kwa geofoni ya hezi 4.5 na kibadilishi cha biti 16, sampuli 100. Kuna mstari kwenye hezi 40 usiokoma usiku na mchana. Umeme wa gridi ninapoishi ni hezi 60, kwa hiyo nimeshindwa kujua unatoka wapi. — Fundi wa nyumbani

Hongera kwa kazi ya mikono yako. Unatoka kwenye umeme huohuo. Kikomo chako ni hezi 50. Wimbi la hezi 60 linaloingia bila kuzuiwa hujikunja na kuonekana kwenye 100 kutoa 60, yaani 40. Hakikisha kwa kubadilisha kasi iwe 80: mstari ukihamia hezi 20, ni bandia. Mtetemo wa kweli wa hezi 40 usingehamia 20.

Ukishajikunja hauchujiki tena, maana umevaa masafa yasiyo yake. Lazima uuzuie kabla. Kipinga kimoja na kapasita moja, mpaka hezi 20, vitapunguza hezi 60 mara tatu tu, havitoshi. Ongeza kasi ya kusoma: soma sampuli 600 kwa sekunde, tafuta wastani wa kila sampuli 10 zinazofuatana, halafu chukua wastani mmoja katika kila sita. Sampuli 10 kwa kasi hiyo ni mzunguko mmoja kamili wa hezi 60, kwa hiyo umeme unajifuta wenyewe. Wastani huo unapunguza pia masafa ya jirani, na hezi 40 itabaki na chini ya nusu, lakini kwa geofoni yako na matetemeko ya eneo lako hezi 1 hadi 20 ndizo unazozitaka. Kipinga na kapasita viache palepale mbele, visimamie yaliyo juu ya hezi 300. Baadaye ukijifunza kuandika kichujio cha FIR, kibadilishe.

Na ninawaomba wote wanaopunguza data kutoka 100 hadi 20 kwa kuokota sampuli moja katika kila tano: ni kosa lilelile. Chujeni kwanza chini ya hezi 8, ndipo mwokote.

Tukibadilisha kasi kutoka 50 hadi 100 katikati ya mradi, kuna ubaya? — Msimamizi wa mtandao wa vituo

Hakuna, mradi muandike. Kasi mpya ina vichujio vipya ndani ya digitaiza, kwa hiyo mwitikio ni mpya, jina ni jipya, BH inakuwa HH, na StationXML inafungua kipindi kipya kwa saa ya UTC ya badiliko. Kipindi cha zamani kifungwe, kisiandikwe juu yake.

Chaneli zetu za LH hufika kwenye seva zikiwa zimechelewa dakika kadhaa, HH zinafika papo hapo. Digitaiza imeharibika? — Mtu wa seva

Ni nzima. Rekodi ya miniSEED ya baiti 512 hutumwa ikijaa. Kwa sampuli 100 inajaa ndani ya sekunde chache. Kwa sampuli 1 inahitaji dakika tano, sita au zaidi, na kadiri ardhi inavyotulia ndivyo ubanaji unavyoingiza sampuli nyingi zaidi na kungoja kunavyorefuka. Kengele ya seva inayolia baada ya dakika mbili bila data iongezewe muda hadi dakika 20 kwa chaneli za LH. Za HH ziache kama zilivyo.